Sura Iliyomlaza Shangazi

Jumamosi ile ilianza kwa ugomvi wa godoro. Penseli alikuwa akibadilisha mashuka chumbani kwa shangazi yake, akaona jinsi godoro lilivyobonyea upande wa ukutani na kutuna upande wa mlangoni, akaamua kulitendea haki kwa kuligeuza. Shangazi aliingia, akasimama mikono kiunoni, akamwamuru alirudishe lilivyokuwa. Sababu hakutoa. Penseli alilirudisha huku akinung'unika kwamba nyumba hii ukifanya jema unalaumiwa, usipofanya unalaumiwa vilevile, naye shangazi akamwambia mdomo huo autunze, mchana utakuwa na kazi.

Alisema kweli. Mchana ule Daktari alikuwa anakuja.

Huyu Daktari hakuwa wa kutibu. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na mtafiti wa usingizi, mtu aliyekaa miaka mingi kando ya vitanda vya watu akiwatazama wakilala na kuandika alichokiona. Shangazi alimwita "huyo daktari wako asiyejua hata kuchoma sindano." Penseli naye alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu, na kazi yake ilikuwa kuwachukua wasomi waliobobea, mmoja mmoja, na kuwasaidia waandike kitabu ambacho mtu wa kawaida angekinunua kwa hiari yake na kukisoma kwenye foleni ya benki. Jina la Penseli alipewa na shangazi, kwa sababu ya penseli iliyokuwa haibanduki kwenye nywele zake.

Ilikuwa kazi ya kumtia mtu kichaa. Wasomi wote ni wagumu, lakini huyu alikuwa na ugumu wake wa pekee. Ukimkuta ameshika kikombe cha chai, atakusimulia mambo ya usingizi mpaka chai ipoe na wahudumu waanze kupandisha viti juu ya meza. Mpe karatasi sasa. "Kwa kuzingatia matokeo ya tafiti tangulizi," ataandika, "inaweza kudokezwa, kwa tahadhari, kwamba huenda upo uhusiano wa kiasi fulani..." Penseli alikata, akarudisha, akakata tena. Siku moja uvumilivu ulimshinda, akamwuliza anamwogopa nani hasa. Daktari akakiri bila kuficha kwamba anawaogopa wenzake wa idarani. Mkuu wake alikwisha kumwambia kwamba vitabu vya watu wa mitaani havihesabiwi mtu anapopandishwa cheo, na kwamba msomi akianza kuandika kirahisi, watu hudhani ameishiwa.

"Na wewe unadhani hivyo?" Penseli alimwuliza.

"Mimi nadhani nikiwa hapa na wewe ninaandika vizuri," alisema Daktari, macho yake yakiwa ndani ya kikombe. "Nikirudi kule nasahau."

Moyo wa mtu ni nyama. Tangu siku ile Penseli alianza kugundua kwamba Daktari akija ofisini anachonga penseli zake zote na kuziacha zimepangwa mezani, na kwamba yeye mwenyewe siku hizo alichelewa kuchagua gauni. Wakitazamana, aliyetazama wa kwanza ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifanya anatafuta kitu. Kisha Daktari akapata kazi kwenye chuo cha mji wa mbali. Habari hiyo alimpa Penseli kando ya mashine ya kutolea nakala, akamwuliza kama, endapo mazingira yangeruhusu, angeweza pengine kufikiria uwezekano wa kuishi huko pia. Penseli alitamani kuichukua sentensi ile aikate mpaka yabaki maneno matatu. Badala yake alimwambia amalize kitabu kwanza.

Na kitabu kikawa hakimaliziki. Kilikuwa kimekwama kwenye sura ya tatu, na kilichokikwamisha ni shangazi.

Shangazi alikuwa ndiye mizani ya Penseli. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu, mwanamke aliyekaa miaka na miaka na vipokea sauti masikioni akiunganisha watu na kushika ujumbe wa mabosi kichwani bila kuandika. Kila sura iliyotoka kwa msomi yeyote, Penseli alimsomea kwa sauti sebuleni wakati yeye akifuma sweta. Shangazi akisinzia, Penseli aliandika pembeni ya ukurasa kwa penseli: "Sh. kalala." Mchumi mmoja alimlaza mara tatu, kila mara akaandika tena, na kitabu chake kikauzwa mpaka kikachapwa upya. Mizani ilikuwa haijawahi kudanganya. Na kanuni ya Penseli ilikuwa kwamba sura iliyolaza haitiwi viraka. Inafutwa, mtu anaanza upya kwenye karatasi nyeupe. Basi sura ya tatu ya Daktari ilifutwa, ikaandikwa, ikafutwa tena, na kila ilipokuja, shangazi alilala nayo.

Siri hiyo ilipasuka jana yake, Ijumaa, Penseli alipompa Daktari nakala yenye alama kwa bahati mbaya. Daktari alisoma pembeni mwa ukurasa, akasoma tena, akauliza Sh. ni nani. Siku zote Penseli alikuwa akimwambia tu kwamba "msomaji wetu" hajaridhika. Alipomweleza ukweli, Daktari alikaa kitini taratibu.

"Nilidhani ni profesa," alisema. "Nilidhani mmempelekea mtaalamu mwenzangu, kama tunavyofanyiana sisi. Kila uliponiambia hajaridhika niliongeza ushahidi. Niliongeza majedwali, Penseli. Kumbe nilikuwa nampelekea shangazi yako majedwali?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita Penseli, na alilitumia jina hilo kumgombeza. Wakarushiana maneno mpaka mhasibu wa chumba cha pili akafunga mlango. Mwishoni Daktari alisema atakuja mwenyewe kesho, aisome sura kwa mdomo wake mbele ya huyo shangazi. Akilala, yeye atarudisha mkataba wa kitabu na kwenda kwenye kazi yake mpya, wala hatamsumbua mtu tena.

Kwa hiyo Penseli alipofungua mlango mchana ule alijua anachokifungulia. Daktari alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, bahasha ya sura ikiwa kwapani. Alimwamkia shangazi kwa adabu zote. Shangazi aliitikia, akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu, akamwuliza kama wazazi wake wazima na kama huko anakohamia kuna maji ya uhakika. Daktari alijibu kwamba kwa ujumla hali ya maji inaelezwa kuwa ya kuridhisha. Shangazi alimgeukia Penseli kwa macho yaliyosema, umesikia mwenyewe, kisha akachukua sindano zake za kufumia.

Daktari akaanza kusoma. Ilikuwa sura inayohusu usingizi wa watu waliofiwa na wenzi wao. Kwa haki yake, alikuwa amejitahidi. Majedwali hayakuwemo, "huenda" zilikuwa zimepungua, na palikuwa na mahali pawili ambapo Penseli alisahau kuwa na hofu. Lakini sura ilikuwa na ganzi. Ilikuwa imepita kwenye mikono mingi ya woga, na kila mkono ulikuwa umechukua kitu. Alipofika ukurasa wa tatu, sindano za shangazi zilipunguza mwendo. Ukurasa wa nne kidevu kikashuka. Ukurasa wa tano macho yalikuwa yamefumba na kichwa kimeegemea mto wa kiti.

Penseli alijisikia kulia. Alitamani kumtikisa shangazi, alitamani kumtikisa Daktari, alitamani kuwa na kazi nyingine yoyote duniani. Ndipo alipoona kwamba Daktari hasomi tena kwenye karatasi. Midomo yake ilikuwa ikiendelea, sauti ileile ya taratibu, lakini macho alikuwa ameyakaza kwa shangazi kwa namna ambayo Penseli hakuwahi kuiona. Alisoma hivyo mpaka mwisho wa aya, akakusanya kurasa zake, akanyanyuka na kumwashiria Penseli waende jikoni.

Penseli alivuta mlango wa jikoni, nao kama kawaida yake ukagoma kufunga.

"Shangazi yako hajalala," alinong'ona Daktari.

"Tafadhali."

"Nakwambia hajalala. Aliyelala hamezi mate kwa mpangilio ule. Mikono ya aliyelala hulegea, sindano ingekuwa sakafuni. Yeye ameishikilia asipoteze tundu la sweta. Na macho yake yamebanwa, mtu aliyelala hayabani. Hii ndiyo kazi yangu. Hiki ndicho kitu kimoja ninachokijua duniani."

Penseli aliisikia hasira ikimpanda toka miguuni. Alimwambia kwamba kumbe hata sasa, hata baada ya kuona kwa macho yake, bado kosa ni la mtu mwingine. Mkuu wa idara ana kosa, wenzake wana kosa, na leo bibi mzima wa watu ana kosa la kufumba macho vibaya. Alimwambia kwamba amechoka kumpigia mbuzi gitaa. Kila alichowahi kumfundisha anakikubali kwa kichwa, anakwenda nacho chuoni, anakirudisha kimekauka.

Daktari aligeukia mezani. Alikuwa akitazama vikombe vitatu alivyovipanga Penseli kwenye sinia, kimoja kikiwa ni kile kisichokuwa na ufa, cha mgeni.

"Rasimu ya pili," alisema mwishowe. "Ile uliyoniambia nifute. Niliiandika siku moja nilipotoka kunywa chai na wewe, sikumwogopa mtu. Wewe mwenyewe uliipenda?"

Penseli alianza kupanga upya vijiko kwenye sinia.

"Nakuuliza wewe, simwulizi shangazi."

"Niliipenda," alisema Penseli. "Niliisoma mara mbili ofisini, nikajifungia."

"Sasa kwa nini ulinifutisha?"

"Kwa sababu mimi si mizani tena!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaishusha. "Kila unachoandika nakiona kizuri. Hata hizo tafiti tangulizi zako nikizisoma nasikia sauti yako. Nakupenda, Daktari, na mhariri anayempenda mwandishi hafai kitu. Ndiyo maana nilimwachia shangazi aamue. Niliogopa nitachapa kitabu kibovu na kukiona kizuri."

Maji ya chai yalikuwa yakichemka na hakuna aliyeyashughulikia. Uso wa Daktari ulibadilika, ukafunguka, kisha ukafunga tena kama wa mtu aliyepewa zawadi na bili kwa pamoja.

"Ungeniambia hivyo siku ile," alisema taratibu. "Neno moja tu ungeniambia. Mimi nimekaa miezi naambiwa msomaji hajaridhika, najiona mjinga, nafuta kitu pekee nilichowahi kuandika kwa moyo wangu. Na nilikifuta kweli, sikuweka nakala. Mimi ninapoambiwa futa, nafuta."

Alichukua bahasha yake, akatoka jikoni. Penseli alimfuata. Alitaka kumwambia akae, alitaka kumwambia aende zake, na yote mawili yalikuwa ya kweli kwa wakati mmoja.

Sebuleni shangazi alikuwa bado ameegemea, macho yamefumba. Daktari aliinama kidogo kwa heshima ya mtu aliyelala, akaelekea mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa sauti iliposikika nyuma yake.

"Daktari. Mbona siku hizi kitanda umekitoa?"

Wote wawili waligeuka. Shangazi hakuwa amefumbua macho.

"Kitanda gani, shangazi?" Penseli aliuliza.

"Cha wafiwa. Cha upande mmoja. Kilikuwemo, akakitoa. Nimekisubiri leo mpaka ukurasa wa tano."

Penseli alikumbuka. Kitanda kilikuwa kwenye rasimu ya pili peke yake. Na kwenye rasimu ya pili, mbele ya maneno hayohayo, mkono wake mwenyewe ulikuwa umeandika: Sh. kalala. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Alivuta kiti, akaketi mbele ya shangazi yake, akamwomba afumbue macho.

Shangazi aliyafumbua. Yalikuwa mekundu.

"Ile ya kwanza nililala kweli," alisema. "Mungu anisamehe, ilikuwa nzito, haimezeki. Lakini ile ya pili sikulala, mwanangu. Nilifumba macho usinione. Nisingeweza kukaa hapa nalia na sindano mkononi kwa maneno ya mtu ambaye hata kunijua hanijui. Nikasikia penseli yako inaandika. Nikasema basi, heri aandike nimelala kuliko aandike nimelia."

"Na nyingine zote? Shangazi, umemwandikisha mtu sura moja miezi mizima!"

"Nyingine..." Shangazi aliitazama sweta iliyokuwa mapajani mwake, akainyoosha, ingawa haikuwa imekunjamana. "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ulikuwa ukirudi kutoka kazini unaimba. Halafu ukaniambia amepata kazi mbali. Nikahesabu mwenyewe. Sura ikiisha, kitabu kitaisha, na kitabu kikiisha mtakwenda. Nikawa nalala."

Alilisema kwa ufupi, bila kujitetea, na Penseli hakuweza kuipata tena ile hasira aliyokuwa nayo jikoni. Aliitafuta, maana ilikuwa haki yake. Alichokipata ni godoro la asubuhi, lililobonyea upande wa ukutani tangu marehemu mume wa shangazi alipozikwa, yeye akilitandikia shuka kila wiki bila kuliona.

Daktari alikuwa ameacha kitasa. Alirudi, akaketi kwenye kigoda cha miguu ya shangazi maana ndicho kilichokuwa karibu, magoti yakamfika kifuani.

"Shangazi," alisema, "nampenda huyu. Nataka twende wote."

Halikuwemo "huenda" wala "kwa kiasi fulani." Penseli aliyahesabu yale maneno ya mwisho bila kupenda, akakuta ni matatu.

"Leo umesema kama mtu," alisema shangazi.

"Na wewe pia, shangazi. Nyumba itakuwa na nafasi."

"Mimi usinihamishe. Kitanda changu hakipiti kwenye mlango huo, marehemu alikiundia humohumo chumbani." Alijifuta macho kwa kipande cha sweta. "Haya, nisomee ile ya pili. Nitakaa macho, nakuahidi."

Daktari alimwangalia Penseli, Penseli akaangalia sakafu. Ndiye aliyelazimika kusema kwamba rasimu ile haipo. Aliagiza ifutwe, ikafutwa, nakala yenye alama akaichana mwenyewe, na mwandishi wake mwenyewe haikumbuki tena, maana tangu wakati huo ameandika juu yake mara nyingi mno. Alipokuwa akiyasema hayo aliona jinsi yalivyokuwa mabaya. Watu watatu ndani ya chumba kimoja, wote walikipenda kitu kilekile, na kwa pamoja walikuwa wamekiua.

Shangazi aliitoa sweta mapajani. Kisha aliweka sindano kando, akaegemea, akafumba macho tena, namna alivyokuwa akifanya zamani bosi anapomtolea ujumbe mrefu kwenye simu.

"'Mwenzi akiondoka duniani,'" alianza, "'anayebaki hahamii katikati ya kitanda. Kitanda kizima sasa ni chake, hakuna wa kumsukuma, lakini kila usiku anajibana upande wake uleule. Nimewatazama wengi. Nilimwuliza mmoja kwa nini hajinyooshi. Akaniambia, mwanangu, huko kuna mtu.'"

Daktari alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Penseli alipeleka mkono kwenye nywele zake kutafuta penseli, akapapasa upande usio wenyewe. Daktari akaichomoa kutoka kwenye nywele zile kwa uangalifu, akamwekea mkononi, na mkono wake ukabaki pale.

"Ipo yote humu," alisema shangazi, akijigusa kichwa. "Andika, mwanangu, kabla sijalala kweli. Kitabu kiishe, muende. Mimi nitajifunza kulala katikati."